Sindano ya Kwanza

Mtoto wa kwetu huijua sindano kabla haijamgusa. Huisikia akikataa uji, huisikia akikataa kulala, huisikia akililia pipi dukani: "Ngoja nimwite daktari akudunge sindano!" Hajui surua wala pepopunda, ila anajua kwamba yupo mtu mwenye koti jeupe ambaye kazi yake ni kuadhibu watoto watukutu. Halafu siku moja anaugua kweli. Anapelekwa kwa mtu huyohuyo, na mzazi yuleyule aliyekuwa akimtishia sasa anambembeleza: "Usiogope baba, haiumi." Inamuuma.

Tangu hapo mtoto ana habari zake mwenyewe kuhusu hospitali, na hakuna tangazo la redio litakalozifuta upesi. Safari ya pili ataanza kulia getini. Safari ya tatu atashikwa na watu wanne, mmoja kila mkono na kila mguu. Nesi atachoka, mama ataona haya mbele ya foleni, mtoto atazabwa kofi ili atulie, na kazi ya sekunde chache itakula robo saa. Akikua, atakuwa miongoni mwa watu wanaokaa na jino bovu mwaka mzima kwa kuogopa ganzi. Mwaka 2012 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwauliza wazazi na watoto kuhusu sindano: watoto 63 katika kila 100 walikiri kuiogopa, na wazazi 24 katika kila 100 pia. Kwa baadhi yao hofu hiyo ndiyo iliyowafanya wakose chanjo.

Nina jambo moja la kusema katika sura hii. Maumivu ya sindano, ya kidonda kinachosafishwa na ya jeraha linaloshonwa ni sehemu ya kazi ya anayetibu; naye anapaswa kuyatibu kama anavyotibu ugonjwa wenyewe. Na pa kuanzia ni mara ya kwanza kabisa, kwa kuwa mara ya kwanza ndiyo inayoamua zitakazofuata.

Dhana kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu haikutungwa na bibi zetu. Ilifundishwa vyuo vikuu. Mwaka 1941 Myrtle McGraw wa New York alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wachanga waliochomwachomwa kwa pini. Katika siku za mwanzo za maisha baadhi yao hawakuonyesha dalili kubwa ya kuumia, na wengi waliomsoma wakahitimisha kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto haijakomaa kiasi cha kusikia uchungu. Kwa miongo kadhaa baadaye, watoto wachanga, hasa njiti, walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na kitu kidogo sana cha kupunguza maumivu, au bila hicho kidogo. Madaktari waliogopa kwamba nusu kaputi ingewaua. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake katika zama za dawa kali na vifaa duni. Lakini hofu ya daktari iligeuzwa kuwa ukweli kuhusu mwili wa mtoto, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mwaka 1985, mjini Washington, mtoto njiti alipasuliwa ili kufungwa mshipa ulio karibu na moyo. Alikuwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu. Hakuweza kusogea, hakuweza kulia. Mama yake aliujua ukweli huo baada ya mtoto kufariki, akautoa hadharani, na nchi nzima ikashtuka. Wakati huohuo, huko Oxford, Uingereza, daktari kijana mzaliwa wa India, Kanwaljeet Anand, alikuwa akiwachunguza njiti wanaofanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo. Aliwagawa: wengine wakapewa utaratibu wa kawaida wa siku zile, wengine wakaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1987. Miili ya waliokosa fentanili ilimwaga homoni za mshtuko kwa wingi, na walipata matatizo zaidi baada ya upasuaji. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatamka rasmi kwamba mtoto mchanga naye apewe dawa ya usingizi na ya maumivu anapopasuliwa. Mwaka 1987 si zamani. Wapo wasomaji wa kitabu hiki waliozaliwa kabla yake.

Utafiti unaonigusa zaidi ulikuja miaka kumi baadaye, nao unatuhusu moja kwa moja sisi tunaotahiri watoto wetu wakiwa wachanga. Anna Taddio na wenzake wa Toronto waliwafuata wavulana walipokuja kupata chanjo wakiwa na miezi minne au sita. Baadhi hawakuwa wametahiriwa. Baadhi walitahiriwa wakiwa wamepakwa krimu ya ganzi. Wengine walitahiriwa wakiwa wamepakwa krimu isiyo na dawa ndani yake. Walipodungwa chanjo, miezi mingi baada ya tohara, waliolia zaidi na kukunja uso zaidi walikuwa wale waliokatwa bila ganzi. Waliopakwa ganzi walikuwa katikati. Mtoto wa miezi minne hawezi kusimulia siku ya tohara yake, lakini mwili wake ulikuwa umeiweka.

Najua jibu litakalotolewa: babu zetu walitahiriwa kwa kisu cha ngariba na hawakufa. Ni kweli. Lakini tuwatendee haki wazee kwa kutazama walichokifanya hasa. Kijana wa jandoni alikuwa mkubwa, alijua anakokwenda, alikuwa na wenzake wa rika moja na mtu mzima wa kumshika, na siku zake za kuuguza kidonda zilijaa nyimbo na mafunzo. Wazee walielewa kwamba mtu haingizwi kwenye maumivu bila kuandaliwa. Sisi tumechukua kisu, tukaacha maandalizi, kisha tukampelekea kisu hicho mtoto wa siku saba ambaye hawezi kujifunza ushujaa wowote. Mzazi anayempeleka mwanawe kutahiriwa, iwe hospitali kubwa au zahanati ya mtaani, ana haki ya kuuliza kabla hajamkabidhi: ganzi ipo? Itawekwaje? Ya krimu hupakwa mapema, kama saa moja kabla, la sivyo haijapenya. Ya sindano, inayowekwa kwenye shina la uume, ina nguvu zaidi, nayo inahitaji dakika chache za kusubiri kabla kisu hakijaanza. Asiyepata jibu la kueleweka aahirishe. Tohara si dharura.

Sasa twende kliniki, kwa sababu huko ndiko karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki anakokutana na sindano yake ya kwanza. Kwenye kadi ya Tanzania, wiki ya 14 ni siku nzito: mtoto anaweza kudungwa mara tatu kwa mkupuo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo. Nimeusoma nikiwa na swali moja kichwani: ni nini katika haya kinachowezekana kwenye kituo kisicho na bajeti ya ziada? Karibu yote.

Mama anyonyeshe. Aanze kabla kidogo, aendelee sindano inapoingia, aendelee baada ya kutoka. Ziwa linakusanya mambo mengi yanayopunguza maumivu kwa pamoja: ngozi ya mama, utamu wa maziwa, kazi ya kunyonya yenyewe. Baadhi ya manesi huogopa kwamba mtoto atapaliwa, na baadhi ya akina mama huogopa kwamba atalichukia ziwa. Tafiti zilizofanywa hazikuyathibitisha hayo. Asiyenyonya anaweza kupewa matone ya maji ya sukari yaliyotayarishwa na muuguzi, yenye sukari ya asilimia 24 hivi, ulimini, dakika mbili kabla. (Asali isitumike. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kuleta sumu ya hatari.)

Mama ampakate. Mtoto aliyelazwa chali na kukandamizwa kitandani huogopa zaidi kuliko aliyekaa wima kifuani pa mama, mapaja wazi, mikono imekumbatiwa. Kwa mkao huo mama hageuki kuwa askari anayeshika mhalifu, na nesi anapata paja lililotulia. Kwa mtoto mchanga anayechomwa kisigino ili kutolewa damu, kumweka kifuani ngozi kwa ngozi kunapunguza kilio. Wodi zetu za njiti zinaujua mkao huo vizuri, kwa kuwa ndio kangaruu, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuwapa njiti joto. Inasikitisha kuona mama aliyekaa na mtoto kifuani usiku kucha akiambiwa amtoe pale hasa anapochomwa.

Kisha kuna mikono ya anayedunga. Chanjo ya matone kinywani itangulie. Ile ya rota ni tamu na inasaidia. Kati ya sindano kadhaa, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho, na chanjo ya nimonia inajulikana kwa kuuma. Ile desturi ya kuvuta bomba kuangalia kama damu inaingia haina ulazima, kwa sababu sehemu zinazotumika kwa chanjo hazina mishipa mikubwa ya damu, na kuvuta huko kunarefusha maumivu bure. Kusuguasugua mahali palipodungwa kusifanywe. Kumpa mtoto parasetamoli kabla ya chanjo ili asisikie uchungu nako hakushauriwi. Dawa hiyo ina nafasi yake baadaye, homa ikija, kwa kipimo alichoelekezwa mzazi.

Mtoto akishafika miaka mitatu au minne, mambo hubadilika, kwa kuwa sasa anauliza: "Nitachomwa?" Hapa ndipo watu wazima wengi tunapoanguka. Tunasema hapana. Tunasema tunakwenda kununua soda. Mwambie ukweli, kwa maneno machache: "Ndiyo, utachomwa begani. Itakuuma kidogo, kama mtu amekufinya. Utakaa mapajani kwangu, tutahesabu pamoja mpaka tano." Aliye mdogo aambiwe muda mfupi kabla, asikae na wasiwasi siku nzima, mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuambiwa jana yake. Mpe uamuzi ulio wa kweli: mkono wa kulia au wa kushoto, atazame au asitazame. Usimuulize kama anataka kudungwa wakati huna nia ya kukubali jibu lake.

Watafiti wa Kanada na Marekani waliotazama kwa makini video za watoto wakidungwa waliona jambo ambalo wazazi wengi hawakulitarajia. Maneno ya kutuliza, kama "usijali, usijali, itakwisha sasa hivi", yaliambatana na vilio zaidi. Ukifikiri kidogo, inaeleweka: sauti ile ya huruma mtoto huisikia tu pale mambo yanapoharibika, kwa hiyo akiisikia anajua kuna hatari. Uso wa mama wenye wasiwasi unamwambia vilevile. Kinachosaidia ni kumpa akili yake kazi nyingine. Mwambie apulize polepole, aoneshe jinsi anavyopuliza uji wa moto. Mwoneshe katuni kwenye simu. Na sisi tuna kitu kizuri kuliko katuni: kitendawili. Nesi akisema "Kitendawili!" mtoto hawezi kunyamaza, lazima aitikie "Tega!", na akishaitikia tayari yumo kwenye mchezo. Katuni humtaka atazame tu, lakini kitendawili humtaka ajibu, na mtoto anayeshiriki huwa na nafasi ndogo ya kuisikiliza sindano.

Ya kukataza yanajulikana: kumcheka, kumlinganisha na dada yake, kumwambia mtoto wa kiume kuwa mwanaume halii. Mwache alie. Kilio chake hakimzuii nesi kufanya kazi.

Wasichana wanaopewa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, wana tatizo lao. Foleni ikipangwa hivi kwamba kila mmoja anamwona mwenzake akichomwa, hofu hupita mstari mzima, na mmoja akizimia wengine hufuata. Dawa yake ni pazia, viti, na kumfundisha anayehisi kizunguzungu akaze misuli ya miguu na tumbo kwa sekunde kadhaa kisha alegeze, arudie.

Yote haya hayatoshi pale maumivu yanapokuwa makubwa, na hapa sauti yangu inabadilika. Mtoto aliyemwagikiwa uji au maji ya moto hatulizwi kwa kitendawili. Nyumba zetu nyingi zina jiko la chini, na wodi za majeraha ya moto zimejaa watoto wadogo kwa sababu hiyo. Kidonda chao kinafunguliwa na kusafishwa tena na tena kwa wiki kadhaa. Kumfanyia hivyo mtoto bila dawa ya maumivu ni ukatili, hata kama anayefanya ni mtu mwema aliyezoea. Bandeji iliyogandamana na kidonda ilowekwe kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka iachie, isinyofolewe. Dawa ya kumeza inahitaji nusu saa hadi saa moja kufanya kazi, hivyo ikitolewa mlangoni mwa chumba cha kufungia vidonda haimsaidii mtu. Na ipo ketamini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo humwondolea mtoto maumivu huku kwa kawaida akiendelea kuvuta pumzi mwenyewe. Ndiyo maana imekuwa tegemeo la hospitali nyingi za wilaya. Inamtaka mtu aliyefunzwa, mwenye oksijeni karibu na macho yasiyobanduka kwa mtoto. Hata jipu kubwa mara nyingi linaihitaji, kwa kuwa ganzi ya kawaida hufanya kazi vibaya kwenye nyama yenye usaha. Kwa jeraha la kushonwa, ganzi ya kawaida inatosha, mradi idungwe polepole kwa sindano nyembamba na mshonaji asubiri ikolee.

Husemwa kwamba dawa kali ni za nchi tajiri. Uganda imejibu hoja hiyo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilijenga huduma yake juu ya mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga na kunywewa kwa kipimo. Mwaka 2004 sheria za nchi hiyo ziliwaruhusu wauguzi waliofunzwa huduma hiyo kuandika mofini. Kilichohitajika kilikuwa uamuzi.

Faida ya uamuzi kama huo huonekana safari zinazofuata. Mwaka 1998 Steven Weisman na wenzake huko Marekani walieleza habari za watoto wenye saratani waliokuwa wakichomwa sindano za uti wa mgongo na uboho. Katika mara ya kwanza, wengine walipewa dawa halisi ya maumivu na wengine kitu kisicho na dawa. Mara zilizofuata wote walipewa dawa halisi. Wale wadogo, wasiotimiza miaka minane, walioumia mara ya kwanza waliendelea kuumia zaidi hata dawa ilipokuja. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwaka uliofuata Edith Chen na wenzake walionesha njia ya kuufungua kidogo: walikaa na watoto wenye saratani ya damu waliokwisha kuchomwa sindano, wakawakumbusha yale waliyoyafanya vizuri, jinsi walivyopumua, jinsi walivyotulia, na wakasahihisha kumbukumbu zilizokuwa zimekua kuliko tukio lenyewe. Safari iliyofuata hofu ilipungua. Watoto wetu wenye saratani ya Burkitt, ile iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, huchomwa uti wa mgongo mara kwa mara. Watoto wenye sikoseli hutobolewa mshipa tangu utotoni mpaka utu uzima. Kwao mazungumzo ya njiani kurudi nyumbani ni sehemu ya matibabu: "Umeona ulivyopuliza? Mkono ulitulia kabisa."

Limebaki la mlango. Hospitali za Uingereza zilikuwa zikiwazuia wazazi wodini, wakiruhusiwa saa chache tu. Mwaka 1952 James Robertson alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa London kwa siku nane, na watazamaji wakaona mtoto mchangamfu anavyonyauka bila mama. Mwaka 1959 ripoti ya serikali, iitwayo ya Platt, ikapendekeza wazazi waingie. Waingereza walilazimika kupigania kile ambacho wodi zetu zinacho kila siku: mama yupo, amelala chini ya kitanda au kando ya mtoto, anamwogesha, anamlisha. Kisha muuguzi anakuja na trei ya sindano na kusema, "Mama, subiri nje." Utamsikia mtoto akiita mpaka mwisho wa korido.

Mama au baba asiyeweza kuvumilia kuona damu aruhusiwe kutoka, na mwingine anayependwa na mtoto ashike nafasi yake. Aliyebaki apewe kazi: ampakate wapi, amshike vipi, aseme nini. Mzazi aliyeelekezwa kwa dakika moja huwa msaidizi bora kuliko watu wanne wa kukandamiza miguu.

Nawe mganga mfawidhi unayesoma sura hii: tafuta kiti kimoja chenye egemeo ukiweke kwenye chumba cha chanjo, na kingine chumba cha kufungia vidonda. Angalia kama ganzi na ketamini zimo kwenye oda yako ya robo hii ya mwaka. Kisha waambie wauguzi wako kwamba kuanzia Jumatatu mama haambiwi tena asubiri nje.